Chungu Pacha cha Kasaji

Kolwezi, tarehe 14 Septemba

Kwako Yaya Honorine, dada yangu mkubwa,

Kama ningekuwa mbele yako ningepiga goti na kupiga makofi taratibu, kama baba alivyotufundisha kuwasalimu wakubwa. Kwa kuwa niko mbali, ichukue karatasi hii kuwa makofi yangu. Natumaini imekukuta umekaa nje, mgongo umeuegemeza kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Goti lako linaendeleaje? Kifua je, wakati huu ambapo watu wanachoma nyika na moshi unalala chini? Mihogo ya upande wa reli imesimama vizuri, au mchwa wamekutangulia tena? Sisi huku tunapumua. Vumbi la malori limekaa juu ya kila jani, na tunaingoja mvua ya kwanza.

Barua hii ameibeba Jeancy, yule kijana wa pikipiki unayemjua. Ningeweza kupiga simu, lakini ungeikata baada ya sentensi ya pili, na ungekuwa na haki. Karatasi haikatiki. Na wewe ulikuwa mwalimu miaka thelathini. Sijawahi kukuona ukiacha karatasi ya mtu bila kuifikisha mwisho, hata ikiwa na makosa mengi.

Najua pia kwamba walimu huanza kwa kutafuta jibu liko wapi. Basi naliweka hapa juu: naomba tena kile chungu.

Mwezi wa nane nilimtuma Jeancy akuombe kwa mdomo, ukamjibu kwamba chungu hakiwezi kuingia katika nyumba ambamo pacha wake alivunjwa. Yeye alidhani ni methali ya wazee, akaileta huku akicheka. Agnès, mke wangu, aliisikia akiwa kitandani. Aliugeuza uso ukutani, basi. Jeancy alipoondoka nilijua kwamba ombi langu lilikuwa na kasoro. Nilikuomba kitu bila kukueleza, kama mtu anayekopa kwa jirani usiku akiwa amejifunika uso.

Basi acha nieleze, na univumilie, maana unajua nikianza kueleza sinyamazi upesi.

Unakumbuka vyungu vyenyewe. Mama yetu Fidélie alivifinyanga siku moja, kwa udongo mmoja, akavichoma katika moto mmoja, ndiyo maana tuliviita mapacha. Kabla havijakauka alivitoboa matundu chini kwa bua la mtama. Baba alipotuacha na mama akaja kukaa kwangu Kolwezi, mwaka 1986, chungu kimoja alikuachia wewe, kimoja akaja nacho kwenye gari moshi, amekipakata kama mtoto. Mwaka uliofuata alirudi Kasaji mikono mitupu. Ulipomuuliza alikwambia tu kwamba chungu kilivunjika na kwamba maji ya Kolwezi hayakumpenda. Hakuiona mvua iliyofuata. Na tangu kwenye msiba ule, Yaya, wewe hujala chakula alichopika Agnès, wala hujalitamka jina lake. Ukinipigia unauliza, "Na hao wa kwako, wazima?" Miaka thelathini na minane sasa.

Mwezi wa tano mwaka huu Agnès alianguka nyuma ya jiko, akavunjika nyonga. Nilipofika nilimkuta amelala ubavu, kando yake vipande vya udongo na majivu yaliyomwagika. Sikuuliza vile vipande vilikuwa vya nini. Mtu anapoumia mbele yako, unahesabu kwanza mifupa. Mganga wa hospitali alisema mfupa utaunga, ila polepole, na kwamba hatainama wala kubeba kitu hadi mwaka uishe. Kwa hiyo mimi, mzee wa miaka sabini na mitatu, niliyestaafu katika maabara ya kiwanda, nikawa mfuaji wa nyumba.

Unajua kwamba bomba la mji lilituacha zamani, tukachimba kisima chetu wenyewe uani, hiki wenyewe tunachoita foraji. Ni maji mazuri kwa macho: baridi, safi, hayana harufu, ukiyatia kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Nilijaza beseni, nikatia mashati, nikapaka sabuni. Povu halikuja. Nikapaka tena. Badala ya povu vikaanza kuelea vibonge vya kijivu, vinanata, vikashika shati kama maziwa yaliyoganda. Nilimaliza kipande kizima cha sabuni na shati likatoka chafu kuliko lilivyoingia.

Tuna jirani anaitwa Kapinga, mjane mwenye asili ya Kasai, anakaanga mikate yake kwa kuni nyuma ya ua wetu, na ulimi wake haujui kupumzika. Alisimama kwenye ua akanitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Tata Mbayo, ni kufua ao ni kupika bukari ya sabuni?" Nikamwambia kwamba si ugali, ni maji haya ndiyo magumu. Akasema yeye amekunywa maji maisha yake yote na hajawahi kuyatafuna.

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Maana mambo yalikuwa mengi yakielekea upande mmoja. Maharagwe niliyoyatia jikoni asubuhi yalikuwa bado yanagonga kifuniko mchana. Ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe mnene kama ukucha wa mkulima. Hata karai la kuogea lilikuwa na mstari mweupe. Kapinga aliponiona nikikwangua ukoko huo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni sumu ya migodi, kwamba watu wa kule machimboni Mutoshi wameshaiona, na kwamba tusiwape watoto. Nilimwambia asiamini wala asikatae kabla ya kupima; hapa kwetu hofu hiyo si ujinga. Chupa moja niliipeleka kwa vijana ninaowafahamu wenye vyombo, wakapima shaba na kobalti. Katika kisima chetu hawakukuta la kuogopesha. Ukoko nilioukwangua nikauweka kwenye kisahani, nikamwita Kapinga, nikakamulia ndimu. Ukaanza kutokota palepale, bila moto, vijipovu vikipanda na kupasuka. Akafanya ishara ya msalaba. Nikamwambia asiogope; ndivyo chokaa inavyofanya ikikutana na uchachu wa ndimu.

Yaya, nataka uone jambo hili kama nilivyoliona mimi, kwa sababu nimekaa na maji miaka arobaini na sikuwahi kustaajabu hadi mwaka huu.

Mvua inaposhuka haina kitu, ni laini, ndiyo maana ukifua kwa maji ya mvua sabuni inacheza. Ikiingia ardhini inapita kwenye udongo, na udongo unapumua kama sisi: mizizi, majani yanayooza, wadudu, vyote vinatoa pumzi. Mvua inainywa pumzi hiyo, inakuwa chachu kidogo, kiasi ambacho ulimi hauwezi kujua. Na kwa uchachu huo mdogo inalila jiwe. Chini ya Kolwezi tumekalia jiwe lenye chokaa, mwamba juu ya mwamba. Maji yanalilamba na kulibeba, na wala hutaliona. Nilipiga hesabu: katika kila bidoni ya lita ishirini tunayovuta, kuna vijiko viwili vidogo vya jiwe. Unakunywa mlima, Yaya, na glasi iko safi. Haudhuru tumbo. Kinacholiwa na mlima huo ni sabuni, maana jiwe hilo linaikamata sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Ukichemsha maji, ile pumzi inatoka, na jiwe likikosa pumzi haliwezi tena kujificha. Linaanguka na kushika birika.

Nilipostaafu wenzangu walinipa zawadi ya mrija wa kioo wenye alama, ule tuliokuwa tukipimia ugumu wa maji yanayoingia kwenye mitambo. Ni kipimo cha zamani, siku hizi hawakitumii. Unachukua maji kidogo kwenye chupa, unadondosha maji ya sabuni tone baada ya tone, unatikisa, unasubiri. Maji magumu yanaua povu. Povu linaposimama dakika tano bila kuanguka, unasoma umetumia kiasi gani, na hicho ndicho kipimo. Niliutoa mrija kwenye sanduku, nikapima foraji yetu. Nyuzi arobaini na mbili za ugumu. Maji ya mvua hayafiki tatu.

Basi nikaanza kutibu. Kwanza nilichemsha kila kitu, nikiacha chini yatulie na kuchukua ya juu. Kwa chai inafaa, na nakushauri ufanye hivyo. Kwa kufua nilimaliza gunia la makala, haya makaa ya kupikia, kwa wiki moja. Nikakumbuka kazi ya kiwandani: kuna njia ya kutia chokaa iliyozimwa ndani ya maji yenye chokaa. Inashangaza, lakini ni kweli, chokaa mpya inainyang'anya ile ya zamani pumzi yake, na zote mbili zinaanguka pamoja. Ila inataka mkono mwepesi, na mimi nilizoea kupima kwa ajili ya matangi yenye ukubwa wa kanisa. Nilizidisha. Shuka zilitoka ngumu kama samaki mkavu na vidole vyangu vikapasuka. Agnès aliigusa shuka yake, akaniambia kwamba sasa inaweza kusimama yenyewe na kwenda sokoni, na akiipa kapu italeta na majani ya sombe. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu aanguke.

Halafu akaniambia nimletee majivu.

Si ya makala, alisema, ya kuni, kwa Kapinga yapo. Nikamuuliza majivu ya nini. Akasema nilete kwanza, kisha niulize. Nikaleta. Kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi, akawa ananiongoza kama mwalimu anayemwongoza mtoto ubaoni. Nichekeche majivu. Nitafute ndoo ya rangi iliyokwisha, niitoboe chini matundu madogo. Nitandike nyasi kavu ndani, nitie majivu juu ya nyasi, nishindilie kwa ngumi lakini si sana. Nimimine maji kwa kikombe, polepole, na nisiwe na haraka, maana majivu hayapendi mtu wa haraka. Chini yakaanza kudondoka maji yenye rangi ya chai hafifu. Akaniambia niyaguse. Yalikuwa yanateleza kati ya vidole kama sabuni. Akasema sasa nichote kikombe kimoja, nitie kwenye pipa la maji ya foraji, nikoroge mara tatu, kisha niondoe mkono na nisiyasumbue.

Nikaondoa mkono. Yaya, maji yale niliyoyaona safi kama kioo yalianza kujaa wingu. Kwanza uzi mmoja mweupe, kisha mwingine, kisha pipa zima likawa kama maji ya kwanza ya muhogo unapoukamua. Nilijua kwa jina kila kilichokuwa kikitendeka. Ningeweza kukuandikia kwa herufi na namba. Na bado nilisimama pale mdomo wazi, kwa sababu nilikuwa naliona jiwe la chini ya Kolwezi likitoka kwenye maji na kuonekana, limeitwa na majivu ya mikate ya Kapinga. Kapinga mwenyewe alikuja na kusimama nami. Halafu akasema, "Tata, mayi ilikuwa na bintu hivi, na ilinyamaza?"

Likaanza kushuka. Asubuhi chini ya pipa palikuwa na tabaka jeupe kama unga uliotulia, na juu yake maji safi mara ya pili. Ukiyatazama hayana tofauti na ya jana. Niliyachota, nikayatia kwenye chupa, nikachukua mrija wangu. Matone machache tu, na povu likasimama. Nyuzi sita. Dakika tano zikapita, kumi, robo saa. Nilikaa kwenye kigoda nikilitazama povu lile kama mtu anayetazama moto. Siku hiyo nilifua mashati manne kwa sabuni ya ukubwa wa kidole gumba, na yalitoka meupe.

Nilimpelekea Agnès shati moja kitandani nikamwambia nimelijua shati hili. Weupe ule niliujua. Wenzangu wa maabara walikuwa wakinitania miaka yote kwamba mke wangu ananivalisha kama padri siku ya Pasaka, wakati mashati yao yalikuwa ya kijivu kwa maji yaleyale ya kambi, maana bomba la kambi nalo lilitoka kwenye jiwe lilelile. Mimi nilidhani ni juhudi ya mikono. Nikamuuliza amefua hivi tangu lini. Akasema tangu mwaka 1987. Kila Ijumaa, nikiwa kazini, na tangu nistaafu, nikiwa nimetoka. Nikamuuliza aliyemfundisha. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza jua linatoka wapi, akasema, "Mama yako."

Sasa nafika pale ambapo kalamu ilisimama jana na juzi.

Wewe unajua kwamba chungu kilivunjika. Hujui kilivunjikaje, kwa sababu wanne tu walikuwepo, na mmoja alikufa, na mmoja aliombwa anyamaze, na mmoja alikuwa mwoga. Wa nne ni udongo wenyewe.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo, nimepandishwa cheo, na nilimwalika mkuu wangu na mkewe kwa chakula cha mchana. Mama alikuwa amesahau kukiondoa chungu chake. Kilikuwa barazani juu ya mawe matatu, kinadondosha maji yake ya majivu kwenye beseni. Mke wa mkuu aliuliza ni kitu gani. Mama akamweleza kwa furaha, kwa Kiswahili chake cha Kasaji, kwamba anayafundisha maji adabu kabla hayajakutana na nguo. Mkuu wangu akacheka, akaniuliza kama ndiyo kemia tuliyosoma. Na mimi nikacheka pamoja naye. Nilicheka zaidi yake.

Walipoondoka nilitoka barazani nikamwambia mama kwamba katika nyumba ya mtu wa kemia hatusafishi maji kwa uchafu. Nikakipiga chungu teke. Kikashuka ngazi, kikapasukia kwenye saruji ya ua. Mimi ndiye, Yaya. Si Agnès. Ni mguu huu, ndani ya kiatu alichokuwa amenipigia rangi mama mwenyewe asubuhi ile.

Mama alikaa akatazama maji yakipita kwenye mfereji. Aliyeshuka kuokota alikuwa Agnès. Chungu kilikuwa kimepasuka mdomo na tumbo, lakini kitako chenye matundu kilibaki kizima, kama kisahani. Agnès akakificha nyuma ya jiko. Na kati ya Jumapili ile na Alhamisi mama alipopanda gari moshi, wanawake wale wawili walifanya jambo ambalo sikulijua: kila nilipokwenda kazini mama alimfundisha. Jinsi ya kuchagua majivu. Jinsi ya kujua kwa vidole yameiva. Kikombe kimoja kwa pipa, viwili wakati wa kiangazi. Na siku ya mwisho akamwomba asiseme huko Kasaji ni nani aliyevunja. Agnès aliniambia maneno yake kama yalivyokuwa. Mama alisema, "Wasimuchekelee mutoto yangu. Ni mutu mukubwa sasa."

Sasa rudi nami kwenye msiba, Yaya, ingawa najua panauma. Ulisimama katikati ya watu ukauliza ni nani aliyemvunjia mama yetu chungu chake hadi akaondoka kwa mwanawe kama mgeni. Watu wakamtazama mkwe, kwa sababu watu humtazama mkwe. Agnès aliinamisha kichwa. Wewe ukaiona ile kuwa ni kukiri. Ilikuwa ni ahadi. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikitazama mkono wa shati langu, jinsi lilivyokuwa jeupe. Nakumbuka hivyo hasa: kwamba niliangalia shati. Lilikuwa limefuliwa Ijumaa, kwa kitako cha chungu kilekile, kwa maji ya mama. Nilijificha ndani ya kazi ya mikono ya wanawake niliokuwa nikiwaacha waumie.

Nilipima maji ya kampuni miaka thelathini na mitano. Nilipima tope la mabaki ya madini kule Kingamyambo, nilipima maji ya mito na ya mashimo. Chungu cha mama kilikuwa hatua kumi kutoka mlango wangu na sikukipima hata siku moja. Alikuwa akifanya kwa majivu na nyasi jambo lilelile nililopewa cheti kwa kulijua, na alilipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Nikilala nalifikiria hilo, na sijui kama ni aibu au ni ibada.

Vile vipande nilivyovikuta kando ya Agnès mwezi wa tano vilikuwa ndicho kitako. Alianguka akiwa amekibeba. Kimedumu miaka thelathini na minane baada ya teke langu, kikafa naye akianguka. Kipande kimoja nimekifunga kwenye kitambaa nikampa Jeancy pamoja na barua hii. Kina matundu matatu. Kiweke kando ya pacha wake na utaona ni bua moja lililotoboa. Huo ukoko mweupe juu yake usiukwangue: hakuna aliyeupaka, ni Ijumaa zote za Agnès, moja juu ya nyingine.

Sitaki kukudanganya hata katika hili. Kwa kemia, ndoo ya rangi inatosha. Nimepima: nyuzi sita kwa ndoo, na kwa chungu nadhani ingekuwa sita vilevile. Sikuombi chungu kwa ajili ya maji. Agnès hajaniomba nyonga yake ipone upesi, wala dawa, wala watoto waje kumtazama. Kitu kimoja ameomba tangu mwezi wa tano, na kwa sauti ndogo, kwamba kama ingewezekana angependa kukiona kile chungu kingine, na kwamba kingetoka kwenye mkono wako. Uliposema hapana alisema una haki, kwa unavyojua. Ndiyo maana nimeamua ujue.

Jana nilimsomea barua hii. Aliniambia niyafute maneno ya mama, kwa kuwa alimwahidi. Nilimwambia kwamba ahadi ilikuwa yake, naye ameitunza hadi imemvunja mfupa. Mimi sikuahidi mtu chochote, nilinyamaza tu. Akasema basi niandike pia kwamba maharagwe sasa yanaiva, ukija hutangoja hadi jioni.

Wasalimie wote wa kwako, na mafundi wa reli wanaonikumbuka, na yule mama wa mihogo aliye jirani yako. Kapinga anakusalimu bila kukujua. Anasema anataka kumwona dada wa mtu aliyepika bukari ya sabuni. Mungu alinde goti lako na safari zako. Pikipiki ya Jeancy ina kiti kizuri cha nyuma, na nimemwambia apite polepole kwenye mashimo.

Ukiona chungu kije, kije. Ukiona kibaki kwako, kibaki, lakini wewe njoo. Na ukifika mlangoni, Yaya, usinisalimu mimi kwanza. Pita, chumba ni cha mkono wa kushoto, mwite jina lake.

Ni mimi, mdogo wako, niliyekivunja,

Donatien Mbayo